Uhuru haitaki kusukumwa

Najua nimepotea hapa karibu wiki tatu. Wengine mmeniuliza kwenye korido kama nimeokoka au nimepata mchumba. Hamna lolote. Nilikuwa najenga roketi.

Kwa wasioijua: kuna programu ya bure inaitwa Orbiter. Ilianza mwaka 2000, mwandishi wake ni Martin Schweiger wa University College London, na 2021 akaiachia wazi kabisa, yeyote aone ilivyoandikwa ndani. Sio gemu la kupiga maadui. Hakuna pointi wala kushinda. Inakupa dunia inayozunguka, mvutano, na hewa inayopungua kadiri unavyopanda, halafu inakuacha na shida zako. Chombo ukikitaka unakitengeneza mwenyewe: unachora umbo kwenye Blender, unaandika uzito, msukumo wa injini, kasi ya gesi inayotoka mkiani, na ugumu wa chombo kugeuka kila upande. Ukitaka kiwe na tabia zake, unaandika moduli kwa C++. Hapo ndipo usingizi unapoisha.

Watu wameshatengeneza Apollo, wametengeneza shuttle, na wameziweza. Mimi nikataka ya karibu na nyumbani. Sasa sijui wangapi mnajua hili: baharini, kaskazini kidogo ya Malindi, kwa majirani zetu Kenya, kuna jukwaa la chuma linaitwa San Marco, limesimama kwa miguu yake chini ya maji. Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walirusha satelaiti kutoka pale, kuanzia 1967 hadi 1988, kwa roketi ya Kimarekani inaitwa Scout. Na tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, pale pale ikaruka satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama eksirei za angani. Mama mmoja wa NASA aliyekuwa anasimamia mradi, Marjorie Townsend, akapendekeza iitwe Uhuru. Jina la Kiswahili, jamani, liko kwenye vitabu vya astronomia dunia nzima!

Basi nikasema hiyo ndiyo yangu.

Scout ni nyembamba kama nguzo ya umeme. Urefu kama mita 22, upana mita moja na kitu, uzito tani 18 hivi. Ina hatua nne, zote za fueli ngumu. Maana yake ukishawasha umewasha. Hakuna kupunguza moto, hakuna kuzima, inawaka mpaka iishe. Orbiter kwa kawaida humruhusu rubani kucheza na moto kwa kibodi, kwa hiyo nikaziacha injini zangu nje ya kundi linalosikiliza kibodi. Ukishabonyeza kuruka, wewe ni mtazamaji kama sisi wengine.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza chumbani. Jamaa ninayekaa naye alikaa kwenye kiti, akaruka mara moja, akaniangalia. "Sasa mzee, mimi nafanya nini hapa?" Nikamwambia unaangalia. Akacheka. "Hii sio kitu cha kuchezea, hii ni sinema."

Shida kubwa zaidi ilikuwa kwamba sinema yenyewe ilikuwa inaisha vibaya. Kila jaribio Uhuru yangu inapanda vizuri, inavuka hewa, halafu inaelekea chini, Bahari ya Hindi inaipokea. Mara ya sita, mara ya tisa. Vijana wa vyumba vya jirani wakawa wanakuja usiku kuangalia inavyozama, wengine wanaweka dau la soda. Jamaa yangu akatoa ushauri: "Ongeza msukumo asilimia tano tu, kaka. Nani atajua?"

Kweli, nani atajua? Ni namba moja kwenye faili. Nilikaa naiangalia ile namba mpaka saa nane usiku, na wiki hiyo nilikuwa na test mbili. Lakini nikajiuliza, nikishaongeza, nitakuwa nimerusha nini? Kitu kinachofanana na Scout, chenye jina la Uhuru ubavuni. Wale watu wa 1970 hawakuwa na asilimia tano za kuongeza. Walikuwa na fueli ile ile, na satelaiti ya kilo 140 na ushee, na wakafika. Kwa hiyo njia ipo, na kama ipo inatafutwa. Nikaigusa laptopu, nikafunga faili bila kubadili kitu.

Njia ilikuwa kwenye kusubiri. Hatua ya tatu ikishaisha, Scout haiwashi ya nne papo hapo. Inaachwa ipande yenyewe kimya kimya kwa dakika kadhaa, kama jiwe lililorushwa. Ikikaribia kilele, hatua ya nne inazungushwa kama pia, kwa sababu haina usukani wowote, ule mzunguko ndio unaoishika isiyumbe. Ndipo inawashwa. Ukiwasha mapema, nguvu nyingi inaenda kupandisha upande mmoja wa njia, na upande wa pili unashuka mpaka kwenye hewa. Nikaanza kusogeza ule muda, sekunde tano tano, usiku baada ya usiku.

Juzi ikakaa. Upande wa chini kilomita 497, wa juu 588. Ile ya kweli ilizunguka kati ya 520 na 570 hivi. Chumba kizima kelele, mpaka mlinzi akapanda.

Halafu nikafanya kitu kimoja zaidi. Nikaihamisha roketi ile ile mpaka Florida. Ikaruka vizuri tu, lakini njia yake imeinama nyuzi 28 na nusu kutoka ikweta, na kuinyoosha ukiwa juu kunataka karibu kilomita 3.7 kwa sekunde. Scout haina hata chembe iliyobaki. Na Uhuru ilihitaji ikweta, kukwepa lile eneo la juu ya Atlantiki ya Kusini ambako chembe za mionzi zinavuruga vipimo. Nilikuwa nimesoma habari hizi, lakini zilikuwa maneno. Sasa nimeona kwa namba zangu kwa nini watu walitoka Roma na Washington kuja kusimamisha vyuma kwenye bahari ya Malindi. Hawakuja kwa upepo mzuri. Kile kipande cha dunia kilikuwa na kitu ambacho wao kwao hawana.

Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei.

Jamaa bado ananisumbua nirekebishe zile kilomita 20 zilizopungua. Nimemwambia ziko hapo na zitakaa hapo mpaka nizipate kihalali. Anayetaka kuiona aje chumbani na flashi yake, ila aje baada ya test ya Jumatatu. Asitegemee kushika usukani.