Sufuria huongeza maji, haiongezi kalori

KAMA kuna chakula kilichoingia katika nyumba zetu za mjini bila kubisha hodi, ni spageti. Huiva kwa dakika kumi hivi, haichagui kitoweo, na watoto huigombania. Lakini siku hizi, mpenzi msomaji, imekuja na mgeni mwingine mezani, naye ni hesabu. Huyu ameshauriwa na daktari apunguze uzani, yule ana kisukari, na mwanafunzi wa chuo naye anataka kupunguza tumbo kabla ya likizo. Wote wamenunua mizani ndogo ya jikoni na wote wanahesabu kalori.

Kuhesabu si kubaya. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na afya ni mali. Ila kabla hujaandika chochote katika daftari lako, jiulize: je, chakula ulichoweka kwenye mizani ni kikavu au kimepikwa?

Tafadhali usilicheke swali hilo. Chukua pakiti ya spageti uitazame nyuma. Aghalabu utaona imeandikwa kwamba gramu 100 zina kalori 360 hivi. Hizo ni gramu za spageti kavu, jinsi ilivyo ndani ya pakiti. Ukiitia katika maji yanayochemka, itayanywa na kuvimba. Gramu 100 zitatoka sufuriani zikiwa gramu 230 hivi, na zaidi ukiichelewesha motoni. Maji hayana kalori hata moja. Kwa hivyo kalori ni zile zile 360, ila sasa zimetawanyika katika uzani mkubwa. Gramu 100 za spageti iliyopikwa zina kalori kama 155 tu. Kijiko cha sukari ni kile kile, ukikikoroga katika kikombe au katika birika.

Basi mtu anayepima sahani ya gramu 300 za spageti iliyoiva, kisha akatumia hesabu ya pakiti, ataona kwamba amekula kalori 1,080. Atashtuka na kulala njaa kesho yake, ilhali kwa kweli alikula kama 470. Naye aliyeambiwa ale gramu 200 zilizopikwa, akapima gramu 200 kavu, atakula zaidi ya mara mbili ya kiasi chake na kushangaa kwa nini nguo bado zinambana.

Kwa anayetaka kupungua, hayo ni ya kuudhi tu. Kwa mgonjwa, ni mambo ya kutisha. Shangazi yangu ana kisukari na hujidunga insulini. Zahanati moja ilimpa karatasi yenye kiasi cha kila mlo, na penye spageti paliandikwa gramu 75, basi. Akawa anapima kwa uaminifu mkubwa. Lakini kila jioni alipokula spageti, baada ya muda mikono ilimtetemeka, jasho likamtoka, na maneno yakaanza kumpotea. Mara mbili jirani alimkimbizia soda.

Nilipomtembelea nikamwona akipima, nilimuuliza, "Shangazi, mbona unapima baada ya kupika?"

"Mwanangu," akanijibu, "kwani mimi hula kibichi?"

Nani angemlaumu? Sisi sote hupima kile tunachokula. Lakini karatasi ilimaanisha gramu 75 kavu, ambazo zikiiva hufika kama 170. Shangazi alikuwa akila chini ya nusu ya wanga uliokusudiwa, huku kipimo cha insulini kikiwa kile cha mlo mzima. Sukari katika damu iliporomoka. Tulirudi naye zahanati, muuguzi akaongeza neno moja kwa kalamu, na mitetemeko ile ikakoma.

Huenda utauliza, utapimaje kavu ilhali familia nzima inakula kutoka sufuria moja? Hakuna ugumu. Tuseme umepika pakiti ya gramu 500. Hizo ni kalori 1,800. Ikiiva, ichuje, kisha uipime yote, ukitoa uzani wa bakuli. Tuseme imefika gramu 1,150. Mgonjwa wako aliyepewa gramu 75 kavu anastahili sehemu 15 katika kila 100 za pakiti ile, kwa hivyo mpakulie sehemu 15 katika kila 100 za kilichoiva, yaani gramu 172 hivi. Wengine wagawane kinachosalia.

Kanuni hii haiishii kwenye spageti. Gramu 100 za mchele huweza kuwa karibu gramu 300 za wali. Maharagwe nayo hunywa maji. Ugali ni vivyo hivyo: bonge gumu lina unga mwingi kuliko bonge laini la uzani ule ule. Nyama huenda kinyume, kwani motoni hupoteza maji na kunywea, kwa hivyo gramu 100 za nyama iliyochomwa zina kalori nyingi kuliko gramu 100 za nyama mbichi. Na usisahau mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na hicho hakijali kavu wala iliyopikwa.

Basi, msomaji, soma pakiti yako kwa makini, kwa sababu nyingine huandika hesabu ya chakula kilichokwisha kupikwa. Chagua njia moja ya kupima uishike, usichanganye. Na ikiwa unatumia insulini au dawa nyingine za kisukari, usibadilishe kiasi cha chakula wala cha dawa kabla ya kumwona anayekutibu.

Nanyi madaktari na wataalamu wa lishe mnaotuandikia karatasi hizo, tunawashukuru kwa kazi yenu. Tunawaomba neno moja tu kando ya kila tarakimu: kavu, au iliyopikwa. Wino wake ni kidogo, lakini kuna mama mahali fulani anayepima mlo wake kwa kuitegemea karatasi hiyo.