Kibao cha Jikoni na Amana ya Fundi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, wako wanaodhani kwamba dini inaishia mlangoni mwa msikiti, na kwamba mambo ya jikoni hayana fatwa. Lakini jikoni ndiko halali inakotayarishwa kabla ya kuingia tumboni, na nyama iliyochinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu yaweza kulazwa juu ya kitu chenye kudhuru. Kwa hiyo leo napenda kusema juu ya kitu kidogo: kibao cha kukatia nyama na mboga, na kile ambacho fundi hukipaka kabla ya kukiuza.

Sisi wa Newala tumezaliwa katika nchi ya mafundi, kwani Wamakonde wanasifika kwa kazi ya mti tangu zama za mababu. Kijana mmoja seremala, niliyepata kumsomesha chuoni, alinijia na suala. Vibao vyake alikuwa akivipaka mafuta ya kula tu, navyo vikikaa sokoni bila ya mnunuzi. Jirani yake akipaka vyake oili chafu ya magari, vikawa vyeusi vya kumeta kama mpingo, na watu wakivigombania. Akaniuliza: "Shekhe, na mimi nipake oili? Watoto wanataka kula."

Njaa ya watoto si jambo la kufanyia mzaha, basi sikumjibu kwa haraka. Nilimwambia tuutazame mti kwanza, kisha ndipo tuje kwenye hukumu.

Mti hata ukauke vipi una vitundu vinavyonyonya. Damu ya nyama na maji ya nyanya huingia humo, ubao ukavimba, ukakauka, ukapasuka. Na ndani ya ufa uchafu hukaa. Kazi ya mafuta ni kuvijaza vitundu hivyo kabla ya maji. Na kwa kuwa kisu hukwangua ubao kila siku, lile lililopakwa halibaki juu ya ubao. Huingia katika chakula kidogo kidogo. Kanuni basi ni nyepesi: usipake kwenye kibao kitu ambacho usingethubutu kukila.

Oili chafu ni nzuri kwa nguzo ya uzio, kwani mchwa huikimbia. Lakini imetoka katika injini ikiwa imebeba chembe za chuma na masizi ya moto, navyo ni sumu. Mafuta ya ganda la korosho nayo hukinga mbao, ila kila aliyebangua korosho kwa mikono anajua yanavyochoma ngozi; tumbo litayavumilia vipi? Vanishi hupendeza kwenye kabati, lakini kisu huipasua, vipande vikaingia mchuzini, na maji yakapita chini yake yakauozesha mti.

Yanayofaa yako, tena si ya gharama kubwa. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa kuwa hayachachi upesi. Katika baridi ya Juni na Julai hapa juu huganda chupani, basi yapashwe moto kidogo. Mafuta ya alizeti na ufuta hayakatazwi, lakini yakipakwa kwa wingi hunata na kunuka baada ya siku. Katika duka la dawa yako mafuta meupe yaitwayo parafini ya maji, ambayo watu hunywa kwa kulainisha tumbo. Hayo hayachachi kabisa. Ila tahadhari, wako wanaoyaita mafuta ya taa kwa jina hilo hilo la parafini, na hayo hayafai hata kidogo.

Namna ya kupaka ni hii. Piga randa, kisha msasa mkavu, ukianza na ule mkali na kumalizia na ule laini wa namba 220. Futa kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke. Nyuzi zitasimama, nawe uzipige msasa tena. Paka mafuta ya uvuguvugu pande zote mbili, na uzidishe pale nyuzi zinapoishia, kwani huko ubao hunywa zaidi. Uache usiku kucha, ufute yaliyobaki, urudie siku tatu au nne. Mwisho chukua nta ya nyuki fungu moja na mafuta mafungu manne, uyayeyushe katika sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe, upake na kusugua mpaka ung'ae. Mwenye nyumba naye apake mafuta kila mwezi, asikiloweke kibao majini, na akikiosha akisimamishe kikauke.

Tukaja kwenye hukumu. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta majimaji chini yake, akamkemea muuzaji kwa kuwaficha watu, na akatangaza kwamba mwenye kughushi si miongoni mwa wafuasi wake. Tazama ndugu msomaji, yale yalikuwa maji ya mvua tu! Itakuwaje kwa mwenye kuficha sumu chini ya weusi unaometa? Na mafakihi wetu wa Kishafii wamempa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa yenye aibu iliyofichwa. Vile vile imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema katika kila jambo, hata mchinjaji akatakiwa anoe kisu chake. Ikiwa mnyama ana haki ya kisu kikali, mtoto anayekula mchuzi hana haki ya kibao salama?

Nilimwambia kijana yule: usipake oili, lakini pia usinyamaze. Mweleze mnunuzi ulichopaka, na mbele yake onja kwa ulimi mafuta unayotumia. Hakutajirika, nami sitawadanganya. Lakini anauza, na anachowalisha wanawe hakina dhara ya mtu ndani yake.

Nasi wanunuzi tusijivue lawama. Fundi hupaka kile ambacho macho yetu yamekitamani. Tuwaulize mafundi wamepaka nini, tukinuse kibao kabla ya kutoa fedha, na tuzidishe kidogo bei kwa yule aliyesema kweli. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na mikono yenye amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.