MC Aliangusha Maiki, Ukumbi Ukacheka: Kumbe Ni Kiharusi!

Jumamosi usiku, ukumbi mmoja jijini Dar. MC ambaye watu wa harusi wanamjua kwa mdomo wake mtamu alikuwa anaita ndugu wapite na zawadi. Ghafla maneno yakaanza kugongana. Jina la bibi harusi likamshinda, maiki ikamponyoka mkono wa kulia. Ukumbi mzima kicheko: "MC kashalewa!" Kabla keki haijakatwa, video ilishazagaa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Wakati jamaa hanywi kabisa. Mke wake alijua hilo, ila mdogo wake MC akamtuliza: "Shemeji, kaka kachoka tu, wiki nzima hajalala. Akapumzike." Wakamlaza.

Asubuhi mkono na mguu wa kulia haviinuki, mdomo umeenda upande. Shangazi akadai katupiwa jini, atafutwe mtu wa kumsomea. Mke akagoma, akaita bajaji.

Hospitali, daktari alianza na swali moja: "Ilianza saa ngapi?" Wakatazamana. Ndipo mdogo mtu akatoa simu. Ile video ya kuchekesha ilirekodiwa saa 3:20 usiku. Saa ya ukutani ilisoma saa 3 asubuhi. Daktari akashusha pumzi.

Iko hivi: kiharusi cha mshipa kuziba kina dawa ya kuyeyusha bonge la damu, kwenye hospitali zilizo nayo. Lakini kwa kawaida inatakiwa ichomwe ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya CT scan kuonyesha kwamba mshipa haujapasuka, maana ukiwa umepasuka dawa hiyohiyo inaweza kuua. Wataalamu wanakadiria kila dakika mshipa mkubwa ukiwa umeziba, seli za ubongo karibu milioni 2 zinakufa. Huku mgonjwa "anapumzika".

MC yupo hai, anatembelea fimbo. Ila "mabibi na mabwana" anaitoa mpaka jasho linamtoka. Na mdomo ndio uliokuwa unasomesha watoto.

Mke wake hajaifuta ile video. Anasema muda walikuwa nao, wakautumia kucheka na kulala.

Kwa hiyo ndugu yangu, mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea au maneno yakigoma ghafla, angalia saa, kisha kimbiza mtu hospitali. Usimlishe, usimpe aspirini, na usimwambie akalale.