Tuliomba, Hatukufunga Kamba

Kamati ya uinjilisti ya usharika wetu hapa Mwanza ilikuwa na pikapu moja na kibanda kimoja. Kibanda tulitengenezewa na fundi wa kuchomelea: fremu ya chuma, kuta za mbao nyembamba, paa la bati. Kilikaa nyuma ya pikapu, nacho kilikuwa stoo na malazi yetu. Ndani tulipanga spika, jenereta, kinanda na magodoro, ili tunapokwenda kuhubiri vijiji vya Sengerema na Geita tusiwatwike wenyeji mzigo wa kutulaza.

Safari tunayoisimulia ilikuwa miaka kadhaa kabla ya daraja la Kigongo–Busisi. Tulikusanyika kanisani saa kumi na moja alfajiri, tukaomba karibu nusu saa. Tuliombea dereva, matairi, ziwa, na roho za watu tuliowaendea. Kufunga kibanda kulichukua dakika tano. Tulipitisha kamba mbili za nailoni juu ya paa, tukazifunga kwenye bodi ya pikapu. Mmoja wetu akakisukuma kwa bega, hakikutikisika. Tukasema, "Bwana atatulinda," tukaondoka.

Pale Kigongo tulikaa kwenye foleni muda mrefu. Tulikula mahindi ya kuchoma, tukaimba. Hakuna aliyegusa kamba.

Kivukoni abiria hushuka na kutembea, gari huingia na dereva peke yake. Tulivuka salama. Upande wa Busisi, pikapu ilipopanda kutoka kwenye kivuko kwenda nchi kavu, sisi tulikuwa tunatembea nyuma yake. Tukasikia chuma kikikwaruza chuma. Kibanda kilirudi nyuma kwa kishindo, kikavunja komeo la mlango wa pikapu. Kijana wetu mpiga gitaa la besi aliinua mikono akizuia. Kona ya fremu ikampiga chini ya goti, mguu ukavunjika.

Tulimkimbiza hospitali, Sengerema. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya usharika tukatoa ushuhuda. Tulisema adui alipiga vita Injili, lakini Mungu akaokoa uhai. Watu wakaitikia haleluya. Kijana mwenyewe alikuwa amekaa karibu na mlango, mguu umefungwa plasta. Hakuitikia.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alituita kwenye pikapu. Ujanani mwake alikuwa utingo wa malori ya pamba. Tukamwamkia, akaitika, kisha akasema, "Wanangu, shetani ana makosa yake mengi. Hili msimwongezee. Kamba ile mliifunga ninyi."

Alitufundisha pale pale, jua likiwa kali. Sakafu ya pikapu ni bati lililopakwa rangi, linateleza, na miguu ya kibanda nayo ni chuma. Kamba inayopita juu ya paa inakandamiza tu. Haizuii mzigo kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nailoni nayo ikivutwa hurefuka. Kwa hiyo kwanza tutandike mpira mzito chini ya kibanda, kipate kushika. Pili, tugongee kabari za mbao ngumu mbele, nyuma na ubavuni, pasibaki hata nafasi ya kidole. "Mzigo usipate pa kuanzia," alisema. "Ukishaanza kutembea, una nguvu kuliko kamba yako." Tatu, kamba nne zitoke pembe nne, za mbele zivute mbele na za nyuma zivute nyuma, zifungwe kwenye ndoano zilizochomelewa kwenye chesisi, si kwenye bodi. Jenereta, kwa kuwa ni zito, likae mbele ya ekseli ya nyuma. Na baada ya mwendo mfupi tusimame tukaze tena, kwa sababu kila kilichofungwa hulegea.

Mmoja wetu alimuuliza, "Mzee, sasa maombi ni ya nini?" Akatuambia tukasome Matendo ya Mitume, sura ya 27.

Tulisoma. Paulo yumo melini, dhoruba imewashika. Mabaharia wanapitisha kamba chini ya meli kuikaza isipasuke. Baadaye malaika anamhakikishia Paulo kwamba hakuna hata mmoja atakayekufa. Ungedhani baada ya ahadi hiyo watu wangekunja mikono. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka, Paulo huyo huyo alimwonya akida kwamba wakiondoka hao, wengine hawataokoka. Ahadi ilikuwa ya kweli, na bado walihitajika watu wanaojua kazi ya meli.

Sisi wa kando ya ziwa tulipaswa kulijua hilo mapema. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita uwezo wake. Kwenye misiba tulisema ni mapenzi ya Mungu, na mfiwa anahitaji kufarijiwa. Lakini neno hilo hilo linaweza kumfunika aliyekosea, nasi tulikuwa tumelitafutia mwenzake la kutufunika sisi.

Ilituchukua majuma matatu kwenda kwa yule kijana. Riziki yake ilikuwa bodaboda, na pikipiki ilikuwa imeegeshwa ukutani. Tulipomwambia, "Tumekukosea, hatukufunga vizuri," alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nilikuwa nasubiri mtu aseme hivyo. Maana kama ni shetani, nani atanilipia kodi?"

Tulichanga kodi yake na chakula mpaka aliporudi barabarani. Tulisimama tena mbele ya usharika, tukasahihisha ushuhuda wetu. Siku hiyo hapakuwa na haleluya. Mchungaji alituombea, tukarudi kukaa. Baadhi yetu tuliona aibu kuliko tulivyowahi kuona, lakini kijana alikuja kwenye mazoezi ya kwaya juma lile, akichechemea, amebeba gitaa lake.

Tangu Juni 2025 tunapita darajani, kilomita kama 3, bila foleni wala kivuko. Hata hivyo bado tunasimama Usagara. Msimamizi wa kamba sasa ni yeye. Anazunguka pikapu taratibu, anagonga kabari, anavuta kila kamba kwa mkono wake, na ikilegea anaikaza. Sisi tunasubiri, hatumharakishi. Akimaliza anapangusa mikono, anavua kofia, anasema, "Haya, tuombe."