Lenzi Nyepesi na Hukumu ya Zamani

Sisi tuliojifunza kupiga picha enzi za filamu tulirithishwa imani moja: zumu ya bei nafuu ni lenzi ya mtu asiyejua kazi. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Zumu ya kwanza ya kamera za picha za milimita 35, Zoomar ya Voigtländer ya mwaka 1959, ilikuwa pande zito la chuma na vioo. Mwaka 1963 Nikon wakatoa ya milimita 43 hadi 86, ndogo na ya bei ya kufikika. Ilinunuliwa sana na kusemwa sana, kwa kuwa ukuta ulionyooka ulitoka umepinda na pembe za picha zilififia. Hata Tamron 28-200 ya mwaka 1992, lenzi moja ya kumaliza kila kazi, ilimtaka mpigaji asimame kama mita mbili kutoka kwa anayempiga, kwa hiyo mwenzako mliyeketi naye meza moja humpati. Msafiri makini alibeba lenzi kadhaa za urefu mmoja mmoja, akawa anazibadilisha kwenye vumbi.

Hukumu ile ilikuwa ya haki kwa wakati wake. Leo imebaki mazoea, kwa sababu kilichoifanya iwe kweli kilikuwa nyuma ya lenzi zaidi ya ndani yake. Tufanye hesabu. Filamu ya rangi ya ISO 64, chini ya wingu zito na tundu la f/5.6, inataka shata ya takriban 1/60 ya sekunde. Lenzi ya milimita 250 mkononi inataka angalau 1/250, la sivyo picha inatikisika. Ndiyo maana watu walilipia f/2.8, inayopitisha mwanga mara nne zaidi, na kuubeba uzito wake. Sasa weka sensa ya leo kwenye ISO 1600, kiwango ambacho kamera ya kawaida inakihimili bila chenga za kuudhi. Lenzi ileile dhaifu, chini ya wingu lilelile, inapata karibu 1/1500. Ongeza kitulizo cha mtikisiko, ambacho Canon walikileta kwenye lenzi ya 75-300 mwaka 1995, kisha programu ya kamera inayonyoosha yenyewe mistari iliyopinda. Kasoro kama zile za Nikon ya 1963, kwenye lenzi ya leo, zinasahihishwa kabla hujaiona picha.

Uzito nao una ushahidi wake. Canon 70-200 f/2.8 ya mwaka 2010 ina gramu 1,490. Zumu mbili za plastiki za kampuni hiyohiyo, 18-55 na 55-250 za STM, pamoja na lenzi ndogo ya milimita 50 f/1.8, zote tatu ni gramu 740. Kwenye kamera ya sensa ndogo, ile 250 inavuta kama milimita 400 ya kamera ya filamu, na hapo simba aliyelala mbali na barabara anapigika. Ndege ndogo nyingi za kwenda mbugani huruhusu kilo 15 tu, begi la mkononi likiwemo, kwa hiyo nusu kilo na zaidi ni nguo au ni betri.

Wapo watakaosema jua likizama Serengeti, au ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, f/5.6 haitoshi. Wanasema kweli, na kitulizo hakimsimamishi mnyama anayekimbia. Anayeishi kwa kupiga harusi za usiku anunue lenzi nzito bila kujitetea kwa mtu. Lakini msafiri hupiga mchana zaidi, na giza la vichochoroni linamalizwa na ile 50 ya gramu 160. Wengine wanalalamikia plastiki. Nahofia zaidi hewa yenye vumbi inayovutwa ndani kila lenzi inaporefuka. Vumbi hilo halichagui bei, nazo zumu ghali zinazorefuka ni nyingi. Kuhusu simu, zenye lenzi ya kuvuta mbali kwa kweli bado ni ghali kuliko kamera iliyotumika pamoja na zumu zake mbili.

Basi anza na mbili hizo, na mtumba unafaa. Mezani kwa muuzaji usiridhike na nje palipong'arishwa. Elekeza lenzi kwenye mwanga, chungulia kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa unyevu wa pwani. Zungusha pete ya zumu polepole usikilize kama kuna mchanga unaosaga. Ukikuta kimojawapo, mrudishie lenzi yake, hata akupunguzie nusu ya bei.