Ufunguo umezimwa, injini bado yanguruma

Ukiwauliza wakazi wa Lang'ata au South C kuhusu zile ndege ndogo zinazopita juu ya mapaa yao, wengi watakwambia hofu yao ni zisije zikaanguka. Dada yangu naye ni hivyo hivyo. Aliuza kiploti chake cha Kitengela ili kifungua mimba wake asomee urubani katika uwanja wa Wilson, ule uliopewa jina la Bi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la ndege la Wilson Airways mwaka wa 1929. Kila kijana alipokuwa angani, mama mtu alikuwa magotini akiomba. Kwamba ndege yaweza kumdhuru mtu hata ikiwa imeegeshwa ni jambo ambalo halikumpitikia.

Chukua Cessna 172, ndege ya viti vinne ambayo wanafunzi wengi duniani hujifunzia. Huwashwa kwa ufunguo kama wa gari, lakini usidanganyike, msomaji. Injini yake haitegemei betri kupata cheche. Ina magneto mbili, mitambo midogo inayozungushwa na injini yenyewe na kujitengenezea umeme. Silinda ni nne, kila moja ina plagi mbili, na kila plagi hulishwa na magneto yake. Moja ikifa angani, ya pili itamfikisha rubani nyumbani.

Sasa, rubani anapozima ufunguo hakati umeme. Anaunganisha kila magneto na mwili wa injini kwa waya, ili umeme upotelee huko. Waya huo ukikatika, magneto haizimiki hata ufunguo ukiwa mfukoni. Atakayesukuma rafadha kwa mkono, injini yaweza kushika ghafla ikiwa kuna petroli iliyobaki ndani ya silinda. Rafadha haichagui mkono wala kichwa.

Kwa hivyo injini haizimwi kwa ufunguo. Rubani huiteremsha hadi mizunguko 1,000 hivi kwa dakika, huzima redio, kisha huvuta kishikio chekundu kinachokata petroli. Mpwa wangu hupenda sana kusimulia hapa. Husema mizunguko hupanda kidogo, kama koroboi inayokaribia kuishiwa mafuta, halafu injini hufa taratibu na silinda zikabaki kavu. Ndipo ufunguo huzimwa na kutolewa, na swichi kuu ikafuata. (Injini za Rotax 912, zinazotumiwa na ndege nyepesi zaidi, kwa kawaida hazina kishikio hicho. Hizo huzimwa kwa swichi mbili za cheche, zikiwa katika mwendo wa chini, kwani zina gia zisizopenda mshtuko.)

Kabla ya kuvuta kishikio, kijana alifundishwa kuugeuza ufunguo kwa nukta moja hadi pa kuzimia na kuurudisha mara moja. Injini ikilegea, waya ni nzima. Siku moja mwaka jana haikulegea. Iliendelea kunguruma kana kwamba hakuna aliyegusa kitu. Majaribio ya asubuhi, kabla ya kuruka, hayakuwa yameonyesha kasoro yoyote.

"Mjomba," aliniambia, "wenzangu wawili walikuwa tayari wanakuja kuivuta ndege bandani, na mmoja ana mazoea ya kushika rafadha."

Mwalimu wake aliwapungia mkono wakae mbali, akazima kwa kishikio, akaandika onyo kwenye karatasi na kulitundika juu ya usukani. Fundi alipofungua kifuniko alikuta waya wa magneto ya kushoto umekatika penye ncha, mahali ambapo mtetemo huusumbua siku zote. Aliubadilisha.

Dada yangu aliposikia kisa hicho alinyamaza kwa muda mrefu. Siku hizi akimpigia mwanawe simu jioni hamwulizi kama ametua salama. Humwuliza, "Kile chekundu umevuta?"