Lulu Isiyojua Haraka

Msafiri anayetua katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba huuona kwanza Mto Nile Mweupe, kisha mapaa ya mabati, kisha ndege nyeupe za Umoja wa Mataifa. Hapo kila jambo ni la haraka. Mizigo hupakuliwa na hati hukaguliwa. Ni hapo pia ambapo watu wengi walipandishwa ndege kuikimbia vita ilipozuka Desemba 2013, na tena Julai 2016.

Lakini mwenye kutoka uwanjani hapo akaelekea mashambani, Ikweta ya Mashariki au upande wa Rumbek, atakutana na mti usiojua haraka. Ni mti wa shea, ambao wenyeji huuita lulu. Huzaa kokwa zenye mafuta ya kupikia na ya kujipaka. Tunda huanguka wakati wa mvua. Akina mama huliokota, nyama yake ikaliwa, kisha kokwa huanikwa, hukaangwa, husagwa na kukamuliwa mafuta.

Familia itakayo kupanda lulu haina budi kujua hesabu yake. Mti uliooteshwa kwa mbegu huanza kuzaa baada ya miaka 15 hadi 20, nao huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Mche uliopandwa siku ile ungekuwa ndiyo kwanza unakaribia kuzaa.

Mbegu ipandwe ingali mbichi, kwani hupoteza uhai upesi. Mche hushusha mzizi mrefu kabla ya kurefuka juu, hivyo asiyejua hudhani umedumaa. Katika miaka ya mwanzo adui zake ni moto na mbuzi. Familia na isafishe majani kuuzunguka na kuujengea uzio. Njia iliyo rahisi zaidi ni kuitunza miche iliyojiotea yenyewe shambani. Kati ya miti hupandwa ufuta, karanga na mtama, ili watoto wale wakati lulu ikisubiriwa.

Mtihani mkubwa ni mkaa. Mti wa lulu hutoa mkaa mzuri, na mwenye shida huona fedha ya leo kuliko mafuta ya kesho. Mwaka 2023 Rais wa Uganda alipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi hiyo, ambako pia mti huu huota. Hata hivyo, mlinzi wa kwanza wa mti ni mwenye shamba.

Askari aliye mbali kikazi hawezi kupalilia kila siku. Mche ukishapita kimo cha mbuzi, hauhitaji hivyo. Kinachohitajika ni baba, mama na watoto kukubaliana mapema kwamba shoka halitaugusa, hata mwaka wa njaa. Aupandaye huenda asiyaonje mafuta yake mengi, wajukuu watayaonja.